Taa za miche zisiuzwe kwa wati za kwenye boksi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie taa za LED za mimea zinazouzwa madukani na mitandaoni, kwa sababu watu wanaootesha miche ndani ya nyumba hapa Mwanza wanazichagua kwa kigezo kisichofaa. Matokeo yake ni miche mirefu, myembamba, inayolala chini siku ya kwanza tu ya kupandwa.

Kigezo chenyewe ni wati. Boksi linaandikwa "1000W" kwa tarakimu kubwa, na mnunuzi anaamini amepata wati 1000. Mara nyingi namba hiyo imetokana na kuhesabu vijitaa 100 vilivyomo ndani, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kuhimili hadi wati 10, kisha kuzidisha. Kwenye umeme wenyewe taa ya namna hiyo huvuta wati 100 au 120 hivi. Ni sawa na kununua sangara Mwaloni ukapimiwa pamoja na barafu yake.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Ukiwa dukani, geuza taa usome kibandiko cha draiva, yaani kile kisanduku kinachobadilisha umeme kabla haujafika kwenye vijitaa. Zidisha volti 230 kwa ampia za umeme unaoingia zilizoandikwa hapo. Kama ni ampia 0.45, taa hiyo haiwezi kuzidi wati 104 hata boksi likisema nini. Ukiwa nyumbani, mita ya LUKU inakupa jibu bila kifaa kingine. Zima kila kitu, acha taa moja tu, kisha angalia kijitaa chekundu kinachopepesa kwenye mita na usome namba iliyo karibu nacho. Ikiwa ni 1000 kwa kila uniti, hesabu mipepeso ya dakika 6 na uzidishe kwa 10, na hizo ndizo wati halisi. Mipepeso 10 ni wati 100. Kama mita yako imeandikwa 1600, taa ya wati 100 itapepesa mara 16 katika dakika hizo 6.

Hata wati halisi zenyewe ni kipimo cha umeme unaoingia, si cha mwanga unaotoka. Mmea hutumia chembe za mwanga, yaani fotoni, zenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, na fotoni hizo huhesabiwa kwa mikromoli kwa sekunde. Taa ya kweli ya mimea huandikwa namba hiyo, kwa kawaida mbele ya herufi PPF. Ukiigawanya kwa wati halisi unapata ubora wa taa. Tyubu ya kawaida ya LED ya dukani, ya sentimita 120 na wati 18, ina lumeni (kipimo cha mwanga unaoonekana na jicho) kama 1800, ambazo kwa mwanga mweupe ni takriban mikromoli 26 kwa sekunde, yaani 1.4 kwa kila wati. Bamba zuri, yaani taa bapa ya LED yenye vijitaa vya daraja la juu, hutoa 2.5 na kuendelea. Umeme ni uleule, lakini mwanga unakaribia kuwa mara mbili.

Kabla sijaenda mbali, niseme wazi kwamba mwenye uwanja hahitaji taa. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na jua la saa 6 mchana bila mawingu linafika mikromoli 2000 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Banda la neti lenye kivuli cha asilimia 50 linaotesha miche mizuri, hata katika mawingu ya masika. Taa ina maana kwa mtu aliyepanga chumba kwenye milima ya mawe, Mabatini au Igogo, asiye na hata mita mbili za ardhi tambarare. Ina maana kwa anayetaka miche ya nyanya isiyoguswa na kantangaze (kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya) wala nzi weupe mpaka siku ya kuuzwa. Na ina maana kwa anayelea vichipukizi vya migomba au viazi vitamu vilivyotoka maabara, ambavyo huanza na mwanga mdogo tu wa mikromoli 40 hadi 80 na havivumilii jua la moja kwa moja.

Lipo pia suala la karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi. Nyingi ya taa hizi zilibuniwa kwa ajili ya wakulima wa bangi wa ndani katika nchi zinazoiruhusu, kama Kanada tangu mwaka 2018 na baadhi ya majimbo ya Marekani. Hapa kwetu kilimo hicho kimekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kwa hiyo taa inauzwa kama ya mboga lakini karatasi inabaki ileile. Inasema uwashe saa 18 mche ukiwa mdogo, kisha ushuke hadi saa 12 ili utoe maua. Bangi huchanua usiku ukirefuka, ndiyo maana ya agizo hilo. Nyanya haisubiri usiku mrefu, huchanua ikifikisha umri. Karatasi hiyohiyo inataka mwanga wa mikromoli 600 hadi 900, kiwango ambacho mche wa kabichi wenye majani mawili haukihitaji kabisa. Anayeifuata anaunguza miche na kulipia umeme wa bure.

Mche wa nyanya, hoho, bilinganya au kabichi unatosheka na mikromoli 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, kwa saa 16 kwa siku. Hesabu muhimu ni jumla ya siku nzima: mikromoli 170 kila sekunde kwa saa 16 ni karibu moli 10, na hapo miche inanenepa vizuri. Ukipunguza saa, ongeza nguvu, na ukipunguza nguvu, ongeza saa, lakini usiwashe saa 24. Nyanya ikinyimwa giza kabisa majani yake hugeuka manjano na kukakamaa, na mbolea haitoi tiba. Kitunguu kina sharti lake. Chenyewe huamua kutunga kichwa kwa urefu wa mchana, na aina zetu za kitropiki kama Red Bombay zinaridhika na mchana wa saa 12. Ukikiweka chini ya taa kwa saa 16 kinaanza kutunga kichwa kikiwa bado kwenye trei, na hicho hakikui tena. Vitunguu viwekwe rafu yao, saa 10 hadi 11 zinatosha.

Sasa rafu. Chukua ya sentimita 120 kwa 60, inayoingiza trei nne za kawaida zikipangwa kiubavu. Kwa trei za matundu 128 ni miche 512, kwa za matundu 72 ni 288. Eneo lake ni mita za mraba 0.72. Tyubu sita za wati 18 zinatoa mikromoli kama 154 kwa sekunde. Toa sehemu ya tano inayopotelea pembeni, gawanya kwa eneo, unabaki na 170 hivi kwenye majani. Hizo ni wati 108, na kwa saa 16 ni uniti 1.73 kwa siku, uniti 52 kwa mwezi. Bamba moja la wati 65 lenye ubora wa 2.5 linatoa mwanga uleule kwa uniti 31. Kwa aliye kwenye daraja la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, tofauti hiyo ya uniti 21 ndiyo inayoamua kama friji na pasi vitabaki kwenye bei ya chini au uniti zinazozidi zitalipiwa bei kubwa. Kwa hiyo bamba ghali huweza kuwa rahisi zaidi ndani ya mwaka. Kwa aliye na rafu moja na msimu mmoja tu kwa mwaka, tyubu bado zina maana, na zikifa zinapatikana Makoroboi siku hiyohiyo.

Kosa kubwa la upangaji ni kugawa nafasi sawasawa. Katikati ya rafu panapokea mwanga kutoka pande zote, ukingoni panapokea kutoka upande mmoja, kwa hiyo tyubu zikilingana nafasi, miche ya pembeni inarefuka na ya katikati inabaki mifupi, na mteja anaikataa trei nzima. Zisogeze kuelekea kingo. Kwenye upana wa sentimita 60, funga ya kwanza sentimita 2 kutoka ukingo, kisha weka nafasi za sentimita 9, 12, 14, 12 na 9, na ya mwisho ibaki sentimita 2 kutoka ukingo wa pili. Ncha za tyubu nazo hutoa mwanga hafifu, hivyo kila siku mbili geuza trei za mwisho ziangalie upande mwingine.

Pembeni zungushia kitu cheupe kisichong'aa: ubao uliopakwa rangi nyeupe, au shiti jeupe la plastiki. Karatasi ya alumini ya jikoni inakunjamana na kutawanya mwanga kwa mabaka. Kioo hakishindi rangi nyeupe, na kinaongeza uzito na hatari. Mbele acha pazia jeupe linalofunguka ili hewa ipite unapohudumia.

Urefu wa tyubu kutoka ncha za majani uwe sentimita 20 hadi 25. Ning'iniza kwa mnyororo wenye ndoano, usipigilie misumari, maana miche inapanda kila wiki na taa lazima ipande nayo. Bamba lenye nguvu likae sentimita 45 hadi 60 juu. Kama lina kitufe cha kupunguza nguvu, ni bora kulipunguza kuliko kulipandisha hadi darini, kwa sababu kila sentimita unayopandisha bila kuta nyeupe inapeleka mwanga sakafuni.

Kipimo cha mikromoli ni ghali, lakini kwa taa nyeupe simu inatosha kukupa picha. Pakua programu ya kupima mwanga, laza simu juu ya trei kioo kikitazama taa, soma laksi, gawanya kwa 70. Laksi 12,000 ni mikromoli kama 170. Pima sehemu tisa: katikati, pembe nne, na katikati ya kila upande. Pembe isipungue theluthi mbili ya katikati, na ikipungua sogeza tyubu, usiongeze. Simu hutofautiana, kwa hiyo ilinganishe na namba zake yenyewe kila mara na usibishane na jirani mwenye simu nyingine. Na programu hiyo haifai kabisa chini ya taa ya zambarau, kwa kuwa laksi hupima kile ambacho jicho la mtu linaona, na jicho halioni vizuri nyekundu ya nanomita 660 wala buluu ya 450.

Hapo ndipo naingia kwenye rangi. Taa ya zambarau inaotesha, sikatai, kwani nyekundu na buluu ni mawimbi ambayo jani huyanyonya sana. Shida ni kwamba chini yake kila jani linaonekana jeusi. Huoni umanjano wa kwanza wa upungufu wa naitrojeni, huoni michirizi ya viwavi wachimba majani, huoni utando wa utitiri mpaka umeenea. Kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga, kinaanza kwenye shingo ya mche kama doa la maji lenye rangi ya chai, na chini ya mwanga wa zambarau doa hilo halionekani hata ukiinama, mpaka mche uanguke na majirani zake watano wawe wameshaambukizwa. Nyeupe ya Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 inafaa miche ya aina zote. Ya 6500 ina buluu zaidi na hufupisha shina, nzuri kwa kabichi na chainizi. Ya 3000 iliyoongezwa vijitaa vyekundu inafaa anayetaka mmea ufike kwenye matunda ndani, jambo ambalo kwa umeme wetu silishauri.

Soma miche yenyewe. Shina kati ya udongo na majani ya kwanza lisizidi sentimita 4 kwa nyanya. Likizidi, mwanga ni mdogo, au taa ilichelewa kuwashwa. Mbegu ya nyanya huota siku ya 5 hadi ya 8, na taa iwake siku ile kichwa cha kwanza kinapotokeza, si siku trei yote imekamilika, kwani kuchelewa siku mbili tu kunatosha kuharibu kundi zima na shina lililorefuka halirudi. Majani ya juu yakipauka wakati ya chini ni kijani, au kingo zikajikunja kwenda juu, taa iko karibu mno. Yote yakipauka kwa pamoja, tazama mbolea kwanza.

Joto. Wauzaji husema LED haitoi joto. Inatoa. Karibu kila wati inayoingia chumbani inaishia kuwa joto, na rafu tatu za wati 108 ni zaidi ya wati 320 ndani ya chumba chenye paa la bati ambalo saa 8 mchana tayari linawaka. Kwa chumba kisichopata jua, washa taa saa 10 jioni, zizimwe saa 2 asubuhi. Saa nane za giza zinaangukia kwenye joto kali, na mwanga unafanya kazi wakati wa ubaridi. Feni ndogo ipulize juu ya majani mchana na usiku. Inakausha unyevu unaoleta kinyausi na kuyumbisha mashina yakakomaa.

Kuwasha usiku kuna gharama yake kwa waliopo Kirumba, Igombe, Ukerewe na popote karibu na maji. Vijidudu vya ziwani hupaa kwa mawingu na kufuata mwanga, vinajaza feni na kuganda kwenye taa. Ziba dirisha kwa neti ya matundu madogo kabisa, si ile ya mbu pekee, tundika pazia zito linalozuia mwanga usitoke nje, na futa tyubu kwa kitambaa kikavu kila wiki zikiwa zimezimwa. Vumbi na mabaki ya wadudu hupunguza mwanga polepole bila wewe kugundua.

Umeme usifanyiwe mzaha. Chumba cha miche kina maji, na maji na viungio vya solotepu havikai pamoja. Muite fundi mwenye leseni afunge waya wa milimita za mraba 1.5 kwenye laini yake, ethi iungwe kwenye fremu ya chuma ya rafu, na breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30 iwekwe kabla ya soketi. Kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande, ili tone likikimbia lidondoke chini, lisiingie kwenye plagi. Draiva ikae nje ya rafu, juu, si chini ya trei. Umwagiliaji ufanywe taa zikiwa zimezimwa, au kwa kujaza maji kwenye sinia la chini.

Kinachoua taa nyingi ni umeme unaporudi baada ya kukatika, ukiwa na msukumo mkubwa. Draiva za bei rahisi hazihimili. Gadi ya friji inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme inatosha kwa rafu chache. Taima ya kuzungusha yenye meno husimama umeme ukikatika, ikirudi iko nyuma kwa muda uleule, na baada ya wiki ya katakata taa zako zinawaka mchana wa joto. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani. Pia usifunge draiva kumi kwenye taima moja ndogo hata kama jumla ya wati inaruhusu, kwa kuwa zote huvuta mkondo mkubwa kwa nukta moja zinapowaka na kuunganisha vidole vya taima visiachane tena. Ukikuta taa zimewaka usiku na mchana, anzia hapo.

Wapo wanaouliza kuhusu sola. Betri ya ampia-saa 100 ya volti 12 isiyotakiwa kushushwa chini ya nusu inatoa wati-saa 600, yaani saa 5 hivi za rafu moja. Haitoshi. Na taa za LED za wavuvi wa dagaa zimeundwa kuvuta samaki kwa mwanga unaosambaa mbali majini, kwa hiyo zikining'inizwa juu ya trei zinamulika katikati na kuacha kingo gizani.

Miche ikifika wiki ya tano kwa nyanya, usiitoe rafuni ukaipeleka moja kwa moja shambani. Jani lililozoea mikromoli 170 likikutana na 2000 linababuka na kuwa jeupe kabla ya jioni. Ianze chini ya neti ya asilimia 50 kwa siku tatu, kisha jua la asubuhi hadi saa 3, ukiongeza saa moja au mbili kila siku mpaka siku ya 8 au ya 10, huku ukipunguza maji kidogo. Anayenunua miche ya ndani aulize imekaa nje siku ngapi.

Kwa wauzaji, ombi ni namba tatu kwenye kibandiko, kwa Kiswahili: wati halisi inazovuta kwenye volti 230, mikromoli kwa sekunde, na eneo ambalo taa hiyo inatosha kwa miche. Na dukani pawe na kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, mteja aiwashe taa na asome mwenyewe kabla ya kulipa.

Mwotesha miche,
Buswelu, Ilemela, Mwanza